Jedwali la Elementi: Mpangilio Uliogunduliwa kwa Kulinganisha Tabia

Ukiingia katika maabara yoyote ya shule ya sekondari utakuta ukutani bango kubwa lenye vijisanduku vya rangi. Hilo ndilo jedwali la elementi. Wanafunzi wengi hulikariri kama wimbo: elementi ishirini za kwanza, alama zake na namba zake. Mtihani ukiisha, wimbo nao husahaulika. Wengine hukata tamaa mapema na kusema kemia si somo lao.

Tatizo kubwa mara nyingi si uwezo wa mwanafunzi. Ni kwamba amepewa jibu kabla ya kulijua swali. Jedwali hili halikuchorwa na mtu aliyekaa akaamua tu kwamba sodiamu ikae hapa na klorini ikae kule. Liligunduliwa, na watu walioligundua walipapasa, walikosea na kusahihishana kwa miaka mingi. Katika somo hili tutapita njia yao. Tafuta kalamu na vipande vya karatasi ngumu, hata vya boksi la sabuni.

Swali lilikuwa nini?

Elementi ni dutu isiyoweza kugawanywa kikemia ikatoa dutu nyingine rahisi zaidi. Dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati, zebaki na salfa zilijulikana tangu kale. Katika karne ya 18 na ya 19 ziligunduliwa nyingine nyingi, na kufikia mwaka 1869 zilikuwa 63. Kila moja ilikuwa na tabia zake. Swali likawa hili: je, elementi ni mkusanyiko tu wa vitu visivyohusiana, kama bidhaa zilizomwagwa sokoni, au kuna utaratibu unaoziunganisha?

Mwaka 1829 Mjerumani Johann Döbereiner alionyesha dalili ya kwanza. Aliona elementi tatutatu zinazofanana tabia. Mfano ni lithiamu, sodiamu na potasiamu: zote ni metali laini zinazokatika kwa kisu, na zote huchangamka zikigusa maji. Uzito wa atomi zake ni 7, 23 na 39. Jumlisha wa kwanza na wa tatu, ugawe kwa mbili: unapata 23, uzito wa ile ya katikati. Fanya hivyo kwa klorini (35.5) na iodini (127): unapata takribani 81, na bromini iliyo kati yake ina 80. Jambo hilo halikuonekana kuwa la bahati tu, lakini elementi nyingi zilibaki nje ya utatu huo.

Kikwazo kingine kilikuwa uzito wenyewe. Wanakemia hawakukubaliana jinsi ya kuukokotoa, hivyo elementi moja iliweza kuwa na uzito tofauti katika vitabu viwili. Mwezi Septemba 1860 walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Huko Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea njia moja iliyo wazi ya kupata uzito wa atomi. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana Mrusi, Dmitri Mendeleev.

Sasa tupange kadi

Tengeneza kadi 16. Katika kila kadi andika jina la elementi, uzito wa atomi yake na valensi yake. Valensi tuielewe hapa kama idadi ya “mikono” ambayo atomi moja hutumia kushika atomi za hidrojeni au klorini. Oksijeni hushika hidrojeni mbili kutengeneza maji, basi valensi yake ni 2.

Lithiamu: 7, valensi 1
Beriliamu: 9, valensi 2
Boroni: 11, valensi 3
Kaboni: 12, valensi 4
Nitrojeni: 14, valensi 3
Oksijeni: 16, valensi 2
Florini: 19, valensi 1
Sodiamu: 23, valensi 1
Magnesiamu: 24, valensi 2
Alumini: 27, valensi 3
Silikoni: 28, valensi 4
Fosforasi: 31, valensi 3
Salfa: 32, valensi 2
Klorini: 35.5, valensi 1
Potasiamu: 39, valensi 1
Kalsiamu: 40, valensi 2

Changanya kadi, kisha zipange kwa uzito, kuanzia nyepesi kwenda nzito. Soma valensi kwa sauti: 1, 2, 3, 4, 3, 2, 1, halafu tena 1, 2, 3, 4, 3, 2, 1, halafu 1, 2. Kila unapofika metali laini yenye valensi 1, anza mstari mpya chini ya ule wa kwanza. Utaona lithiamu, sodiamu na potasiamu zimejipanga wima. Florini na klorini, zote gesi kali zenye sumu, nazo zimekaa pamoja. Hukuzilazimisha. Ulifuata uzito tu, na tabia zikajirudia zenyewe. Kujirudia huko ndiko msingi wa jedwali lote. Mstari wa kulala huitwa pirio­di, na safu ya wima huitwa kundi.

Aliyekaribia na kuchekwa

Mwingereza John Newlands aliona jambo hilo hilo miaka ya 1864 na 1865. Kila elementi ya nane ilifanana na ya kwanza, naye akalifananisha na noti za muziki. Wanakwaya wataelewa mara moja: ukipanda do, re, mi, fa, so, la, ti, noti ya nane ni do tena. Alipowasilisha wazo lake mbele ya wanakemia wa London mwaka 1866, mmoja wao alimuuliza kwa kejeli kama amejaribu kuzipanga kwa alfabeti.

Kejeli haikuwa ya haki, ila mpango wa Newlands ulikuwa na kasoro ya kweli. Alijaza kila nafasi kwa elementi zilizojulikana wakati huo. Matokeo yake, mbele kidogo ya kalsiamu mambo yaliharibika: chuma kiliangukia kundi la oksijeni na salfa, na kobalti na nikeli zikabanwa katika sanduku moja. Hata hivyo, mwaka 1887 Newlands alipewa Medali ya Davy kwa kazi hiyo.

Ujasiri wa kuacha nafasi wazi

Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 Tobolsk, Siberia. Baba yake alipofuka, na mama yake, Maria, akaendesha kiwanda cha vioo ili kulea familia. Baba alipofariki na kiwanda kuungua, mama huyo alisafiri na mwanawe mwendo mrefu hadi Moscow, ambako hakupokelewa chuoni, kisha hadi Saint Petersburg, ambako alipata nafasi mwaka 1850. Mama alifariki muda mfupi baadaye.

Mwaka 1869 Mendeleev alikuwa profesa akiandika kitabu cha kemia kwa wanafunzi wake. Alihitaji utaratibu wa kupanga sura zake, na kutokana na hitaji hilo akatoa jedwali lake. Mjerumani Lothar Meyer naye alifikia mpangilio unaofanana sana karibu wakati huo huo. Tofauti kubwa ya Mendeleev ni namna alivyokabili pengo.

Jaribu mwenyewe. Zinki ina uzito 65 na valensi 2. Elementi iliyofuata kwa uzito mwaka 1869 ilikuwa aseniki, 75, yenye valensi 3 na tabia za fosforasi. Ukiiweka mara baada ya zinki, itakaa chini ya alumini, ambako haifanani na jirani yake wa juu. Ili aseniki ikae chini ya fosforasi, lazima uruke nafasi mbili. Mendeleev aliziruka, akasema kuna elementi mbili ambazo bado hazijaonekana. Pengo jingine aliliona baada ya kalsiamu.

Mwaka 1871 alitangaza tabia za elementi hizo tatu. Ya chini ya silikoni, alisema, ingekuwa na uzito wa atomi wa karibu 72, densiti ya 5.5, na kloridi yake ingekuwa kimiminika kinachochemka chini ya nyuzi 100. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliipata Ujerumani, akaiita jermaniamu. Uzito wake ni 72.6, densiti 5.3, na kloridi yake huchemka chini ya nyuzi 90. Skandiamu ilikuwa imepatikana Sweden mwaka 1879. Kabla yake, mwaka 1875, Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipata galiamu na kupima densiti yake kuwa 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuigusa metali hiyo, aliandika kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa huyo akaisafisha zaidi, akapima upya, akapata 5.9.

Alipokosea

Tusimfanye Mendeleev kuwa mtu asiyekosea. Teluriamu ina uzito wa karibu 128 na iodini 127. Kwa uzito, iodini ingetangulia. Kwa tabia, iodini ni ndugu wa klorini na bromini, na teluriamu ni ndugu wa salfa. Mendeleev alifuata tabia, na hapo alikuwa sahihi. Lakini alishikilia kwamba uzito wa teluriamu umepimwa vibaya, na hapo alikosea. Kipimo kilikuwa sawa.

Jibu lilipatikana mwaka 1913. Mwingereza Henry Moseley alichunguza mionzi ya eksirei inayotoka katika elementi mbalimbali, akaonyesha kwamba kila elementi ina namba yake kamili, ambayo leo tunajua ni idadi ya protoni katika kiini cha atomi. Teluriamu ni 52, iodini ni 53. Basi si uzito unaopanga jedwali, bali namba ya atomi. Uzito ulikuwa umewaongoza vizuri kwa sababu kwa kawaida hupanda pamoja na namba hiyo. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Na kwa nini tabia hujirudia? Elektroni za atomi hukaa katika matabaka, na zinazoshughulika na atomi nyingine ni hasa zile za tabaka la nje. Lithiamu, sodiamu na potasiamu kila moja ina elektroni moja nje. Florini na klorini kila moja ina saba. Leo elementi ni 118, na zote zimepata mahali pake katika utaratibu huo huo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kadi zako 16 hakuna neoni wala argoni, kwa kuwa Mendeleev hakuzijua. Argoni ilitangazwa mwaka 1894. Gesi hizi hazishiki hidrojeni wala klorini. Valensi yake ni ngapi, na kundi lake likae wapi bila kuvuruga mengine?

2. Uzito wa argoni ni 39.9 na wa potasiamu 39.1. Ipi itangulie? Toa sababu kwa tabia kwanza, kisha kwa namba ya atomi.

3. Silikoni ina uzito 28 na bati 119. Kwa njia ya Döbereiner, kadiria uzito wa elementi iliyo kati yake katika kundi hilo. Linganisha na jermaniamu.

4. Newlands alijaza kila nafasi. Mendeleev aliacha nafasi tatu wazi akasema zitajazwa. Kama kufikia mwaka 1890 hakuna aliyezipata elementi hizo, ungesema nini juu ya jedwali lake?

Usitazame bango la ukutani kabla ya kujibu. Anza na kadi.