Dondoo muhimu: Mnara umesimama, maji hayasimami
Ukichora mnara wa taa wa Chumbe, Zanzibar, uliojengwa 1904, anza nao: mistari wima kwa penseli, upeo wa bahari ulionyooka. Kazi iko kwenye maji. Usilifukuzie wimbi moja. Tazama mengi yakivunjika mahali pamoja mpaka ulizoee umbo linalojirudia, ndipo ushike brashi. Chini kidogo ya kilele maji ni membamba, mwanga hupenya: hapo tia kijani angavu, na giza zaidi chini ya wimbi. Kwa rangi za maji, povu ni karatasi yenyewe, iache wazi. Kivulini, povu si jeupe kamwe, lina buluu ya kijivu. Siku za bamvua maji hupwa haraka, basi weka alama ya ukingo wake mapema na usiihamishe.