Usafi wa Gharama Ndogo: Kijitabu cha Kaya za Garissa, Wajir na Mandera

Madukani mjini Garissa kuna chupa ya sakafu, chupa ya vioo, chupa ya choo, chupa ya masufuria na kopo la kunukiza sebule. Kila moja ina rangi na harufu yake, na tangazo lake humfanya mama wa nyumba ahisi kwamba bila hiyo nyumba yake ni chafu. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba kazi kubwa ya chupa hizo inafanywa vizuri na vitu vya jikoni au vya shilingi chache, na kwamba pesa inayookolewa inapaswa kununua vitu viwili ambavyo jiko haliwezi kuvitengeneza: sabuni ya kunawia na klorini. Anayeacha harufu ya waridi lakini akabaki na mche wa sabuni kando ya choo hajapoteza chochote cha afya. Anayeacha sabuni na klorini kwa jina la maisha rahisi amejiweka hatarini, hasa katika kaunti hizi tatu.

Hatari yenyewe ina majina na tarehe. Novemba 2015 kipindupindu kilizuka katika kambi za Dadaab. Mwaka 2016 Mandera ilipambana na kipindupindu na chikungunya kwa wakati mmoja. Mlipuko uliotangazwa nchini Oktoba 2022, katikati ya ukame mkali, ulifika Garissa, Wajir na Mandera, na mafuriko ya Novemba 2023 yakaja kuchanganya maji ya vyoo na maji ya kunywa. Ukame na mafuriko huonekana kuwa kinyume, lakini kwa kipindupindu ni njia mbili za kufika mahali pamoja: maji safi yanapopungua watu hunawa kidogo na kuchota popote, na maji yanapofurika choo humfuata mtu kisimani. Bakteria hutoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, chakula, nzi na mikono. Kwa hiyo kila kitu cha usafi kipimwe kwa swali moja: je, kinaikata njia hiyo, au kinaondoa doa tu? Kuondoa doa ni kazi ya heshima. Ila ni kazi tofauti.

Tuanze na doa, kwa kuwa hapo ndipo akiba ilipo. Majivu meupe ya kuni husugua masufuria na kukata mafuta, kwa sababu yana alikali. Majivu ya jiko lililochomewa plastiki yasiguse chombo cha chakula. Ukwaju unaong'arisha shaba kote pwani utafanya kazi hiyo hiyo hapa. Siki au ndimu huyeyusha ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, na wakazi wa Wajir wanaujua ukoko huo kuliko wengine, maana maji ya visima vyao ni magumu, yana chokaa na chumvi nyingi. Maji hayo hula sabuni: unasugua, povu halitoki, nguo zinabaki na utando wa kijivu. Wengi huongeza sabuni, na gharama inapanda bure. Dawa yake ni magadi. Kijiko kimoja kwenye beseni la kufulia, kikikorogwa kabla ya sabuni, huishusha chokaa chini na kuiacha sabuni ifanye kazi yake. Qasil, unga wa majani ya mkunazi ambao akina mama wa Kisomali wamekuwa wakioshea nywele na uso kwa vizazi, hutoa povu la asili na hauhitaji kutetewa na yeyote. Na jua la Garissa ni mashine ya bure: godoro, mkeka, ubao wa kukatia nyama na vyombo vilivyooshwa vikianikwa mchana, ukavu na joto huua vijidudu vingi.

Kuna kosa moja linalosambazwa sana na wapenda dawa za nyumbani, nalo ni kuchanganya siki na magadi ya kuokea ili kupata kisafishaji chenye nguvu maradufu. Povu linapendeza macho, lakini asidi na alikali zinauana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Kosa hilo linapoteza pesa tu. Kosa la pili linaweza kuua: siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu, na chumba kidogo cha choo kisicho na dirisha ndicho mahali pabaya kabisa pa kujaribu. Klorini huchanganywa na maji baridi peke yake.

Sasa tufike kwenye njia ya ugonjwa. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nyingi yanaonyesha kwamba kuhimiza unawaji wa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30. Sabuni hiyo haihitaji manukato wala maandishi ya kuua vijidudu. Mche wa kufulia uliokatwa vipande unatosha. Majivu ni afadhali kuliko maji matupu pale sabuni inapokosekana kabisa, lakini ushahidi juu yake ni mdogo, na haifai kuyapanga kuwa mbadala wa kudumu. Siki haitegemewi kusafisha alipotapika mgonjwa. Hapo inatakiwa klorini ya asilimia 0.5. Dawa nyingi za klorini zinazouzwa nchini kwa kufulia nguo nyeupe zina takriban asilimia 3.5. Ikiwa lebo inasema hivyo, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji kitakupa nguvu hiyo. Uchafu uondolewe kwanza na kutupwa chooni, kwa kuwa uchafu huimaliza klorini kabla haijafika sakafuni, kisha dawa imwagwe na kuachwa dakika 10. Ichanganywe upya kila siku na ikae kivulini. Maji ya kunywa yana dawa na kipimo chake tofauti, kilichoandikwa kwenye chupa. Anayekosa dawa achemshe, au aweke maji maangavu ndani ya chupa safi ya plastiki isiyo na rangi juani kwa saa 6, siku 2 ikiwa kuna mawingu. Maji ya Mto Tana yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwanza, maana mionzi haipenyi tope.

Wapo watakaosema kwamba wazee waliishi kwa majivu, qasil na moshi, na watoto wao walikua. Ni kweli, na elimu yao ilikuwa na msingi. Kufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kwa vijinga vya miti teule hupunguza bakteria na kuyachelewesha maziwa kuharibika. Lakini wazee hao walikuwa na kinga nyingine ambayo mji umeiondoa: walihama. Kinyesi na mabaki yaliachwa nyuma yakakaushwa na jua, na boma lililofuata lilikuwa ardhi safi. Katika mtaa, au bula, wa leo, choo cha jirani kiko hatua chache kutoka kwenye tangi lako, na maziwa yanasafiri ndani ya jerikeni la plastiki lenye mikwaruzo ambayo moshi haufiki. Jerikeni hilo linataka sabuni, maji moto na kuanikwa juani likiwa wazi.

Vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji vinafanya biashara nzuri, na kununua kwao ni akiba halali. Kuipika nyumbani penye watoto wadogo sishauri. Soda kali inayotumika kuipika huunguza ngozi na macho, na ikitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto ataiona kuwa kinywaji. Hali ni hiyo hiyo kwa klorini na mafuta ya taa.

Nzi nao wako kwenye njia ya ugonjwa, na hapo ndipo mboji inapoingia. Vitabu vingi huisifu kama mbolea. Hapa inafaa isifiwe kwanza kama njia ya kuwanyima nzi chakula. Katika joto letu yai la nzi linaweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, na taka zenye unyevu ndizo kitanda chake. Maganda ya tikiti maji na maembe kutoka mashamba ya kando ya Tana, majani ya chai, mboga zilizooza na majani ya mgomba yanayofungiwa miraa vikitupwa pamoja na plastiki, vyote huwa rundo moja linalonuka, linalovuta korongo wakubwa wa mjini, na mwishowe linachomwa moto ili moshi wa plastiki uingie vifuani. Vikitengwa, plastiki inabaki kavu na majani yanarudi udongoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inadai utengaji huo, japo gari la kuchukua taka zilizotengwa halifiki kila bula.

Pingamizi la kwanza ni mbuzi: mabaki hayabaki, mbuzi wanayala. Vizuri sana, wapewe. Mbuzi ni mtambo bora kuliko shimo lolote. Shimo ni la kile anachokikataa, pamoja na samadi yake mwenyewe inayorundikana nyuma ya nyumba. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni maji. Mtu anahitaji angalau lita 15 kwa siku, na kaya nyingi hazifikishi. Nani atamwagilia taka? Maji ya udhu na ya kuoshea mboga yanatosha, yakikingwa kwenye beseni badala ya kumwagwa mlangoni. Ndiyo maana Garissa panafaa shimo la kina cha nusu mita hivi, chini ya kivuli, maana rundo lililo wazi hukauka na kusimama kuoza. Kila tabaka bichi lifunikwe siku hiyo hiyo kwa udongo au samadi kavu, na juu pawekwe matawi ya miiba dhidi ya mbwa na fisi.

Wajir ni kinyume. Maji ya ardhini yako karibu sana, ndiyo sababu mji huo ulitumia vyoo vya ndoo kwa muda mrefu, na kuchimba shimo la taka ni kuchafua kisima. Huko iwe rundo juu ya ardhi, angalau mita 30 kutoka kisimani, lililofunikwa kwa gunia. Wanaoishi kwenye bonde la Tana nao walifuate hilo mvua zinapokaribia.

Mboji ya nyumbani ina mpaka wake. Vimelea hufa taka zikifikia nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa mfululizo, na shimo dogo linalojazwa ganda kwa ganda mara nyingi halifiki huko. Kwa hiyo nepi, kinyesi cha watu na cha mbwa, mifupa na nyama visiingie kabisa. Baada ya miezi 3 au 4 mboji nyeusi isiyonuka iwekwe kwenye mashina ya mipapai, mindimu na miarobaini, wala si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Na atakayetumia samadi ya mbuzi waliokula maganda ya mti wa mathenge ang'oe miche inayochipuka ikiwa bado na majani mawili, kwa sababu mbegu hizo hupita tumboni mwa mbuzi zikiwa hai, na mzizi ukishashika hautoki kwa mkono.