Urafiki na Adui: Je, Ni Upelelezi?

Methali yasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nataka tuipime methali hii kwa mizani ya historia, maana wakati wa vita maneno ya watu yaweza kumgeuza rafiki kuwa mpelelezi.

Mwezi wa Desemba 1913 binti mmoja wa Denmark, Karen Dinesen, alipanda meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, akienda kuolewa katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Humo melini alikuwamo afisa Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akienda kuongoza majeshi ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Rwanda yetu ilikuwa sehemu ya koloni hilo. Wakapatana sana. Afisa akampa picha yake, akamwomba amnunulie farasi majike kumi wa Kihabeshi. Tarehe 14 Januari 1914 Karen aliolewa Mombasa na Bror Blixen wa Sweden.

Agosti 1914 vita vikaanza, na rafiki wa jana akawa mkuu wa majeshi ya adui. Hata huku kwetu vita vilifika: Septemba mwaka huo Wajerumani waliteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Huko Kenya, walowezi wa Kiingereza wakakumbuka habari ya farasi, wakanong'ona kuwa bibi huyo ni mtu wa Wajerumani.

Je, walikosea kuogopa? La, hofu yao ilikuwa na sababu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1917 Wafaransa walimpiga risasi Mata Hari, mwanamke aliyependana na maafisa wa nchi mbalimbali. Lakini yeye alikiri kwamba alipokea fedha za Wajerumani. Basi tuulize maswali matatu juu ya Karen.

La kwanza: urafiki ulianza lini? Ulianza wakati wa amani. La pili: alitoa nini? Aliombwa farasi kabla ya vita. Hapana siri iliyoonyeshwa kuwa aliitoa. La tatu: vita vilipoanza alitenda nini? Aliongoza magari ya kukokotwa na ng'ombe, akawapelekea vyakula na vifaa watu wa upande wa Waingereza mpakani, alikokuwako mumewe. Tena ndugu yake, Thomas, alipigana katika jeshi la Kanada, akapata nishani ya Victoria Cross mwaka 1918.

Lettow aliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Yeye na Karen walionana tena Ujerumani mwaka 1940. Kumbe moyo waweza kumhifadhi rafiki bila mkono kuisaliti nchi.

Ndugu zangu, sisi wa Nkanka tunakaa kando ya ziwa, na ng'ambo ya maji ni nchi nyingine. Wengi wetu tuna jamaa au rafiki huko. Siku ya ugomvi, mtu akituambia, "Fulani ana rafiki ng'ambo," tusikimbilie kumhukumu. Tumwulize msemaji: Tangu lini? Ametoa nini? Ametenda nini? Akikosa jibu, basi lisemwalo halipo, nasi tusilisaidie kuja.