Liechtenstein: Jinsi ya Kupanga Likizo Katika Nchi Ndogo ya Milimani

Wageni wengi huiona Liechtenstein kwa saa moja tu. Basi la watalii husimama mjini Vaduz, watu wakapiga picha za kasri lililo juu ya mwamba, wakanunua stempu na kuondoka. Nchi hii iliyo kati ya Uswisi na Austria ina eneo la kilomita za mraba 160 tu na watu wapatao 40,000, lakini uzuri wake mwingi uko juu milimani, na haupatikani kwa haraka. Anayetaka kuifaidi apange kulala huko walau siku mbili.

Viza

Liechtenstein imo katika eneo la Schengen tangu 2011, na Uswisi ndiyo inayoiwakilisha katika mambo ya viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda apeleke maombi kwa ubalozi wa Uswisi unaohudumia nchi anakoishi. Ukipanga kupita nchi kadhaa za Schengen, omba kwa ile utakayokaa muda mrefu zaidi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hadi mwisho, kwa sababu miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iendelee kutumika miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Anayeishi kwa kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi viza nyingine kwa matembezi mafupi.

Kufika

Nchi haina uwanja wa ndege. Shukia Zürich, panda treni hadi Sargans, mwendo wa saa moja hivi, kisha basi namba 11 hadi Vaduz, takriban nusu saa. Njiani hutakuta ukaguzi wa pasipoti, kwani Uswisi na Liechtenstein zina umoja wa forodha tangu 1924.

Msimu

Kwa kupanda milima kwa miguu, nenda kati ya Juni na mwanzo wa Oktoba. Kwa kuteleza kwenye theluji, Malbun, kijiji kilicho mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hufaa kati ya Desemba na Machi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya taifa, na usiku wake fataki hurushwa Vaduz.

Fedha na malazi

Fedha inayotumika ni faranga ya Uswisi, na bei ni kali. Wenye bajeti ndogo hulala Feldkirch, upande wa Austria, wakaingia kwa basi asubuhi. Huko hutumia yuro. Nunua chakula dukani kabla ya Jumapili, kwa kuwa maduka mengi hufungwa siku hiyo. Maji ya bomba ni salama kunywa. Beba adapta ya soketi za Uswisi, kwani plagi za pini tatu bapa tunazotumia Afrika Mashariki haziingii.

Siku tatu za kuanzia

Siku ya kwanza, tembea Vaduz: makumbusho ya sanaa, ya taifa na ya stempu, ambazo nchi ilianza kuzitoa mwaka 1912. Kasri ni makazi ya familia ya mwanamfalme mtawala, kwa hiyo wageni hawaingii ndani. Jioni, vuka kwa miguu daraja la mbao lenye paa lililo juu ya mto Rhine, lililojengwa 1901. Ng'ambo ni Uswisi.

Siku ya pili, panda basi namba 21 kupitia Triesenberg hadi Malbun. Triesenberg ilianzishwa na Wawalser, waliohamia huko mnamo 1300, na wazawa wao wangali na lahaja yao. Ukifika Malbun, panda kiti cha waya hadi Sareis, ambako mabonde na vilele vingi huonekana.

Siku ya tatu, tazama kasri la Gutenberg huko Balzers, kisha tembea kipande cha njia ya kilomita 75 inayopita wilaya zote 11. Ilifunguliwa 2019, nchi ilipotimiza miaka 300.

Onja *Käsknöpfle*, matonge madogo ya unga wa ngano yenye jibini na vitunguu vya kukaanga, yanayoliwa na matufaha yaliyopondwa. *Ribel* hupikwa kwa unga wa mahindi na kukaangwa kwa siagi. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani hutiwa katika vyakula vingi.

Usalama milimani

Vibao vya njano huonyesha njia za kawaida. Alama ya nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlima: vaa viatu imara, na usiende kama unaogopa miinuko mikali. Hali ya hewa hubadilika ghafla hata Julai, hivyo beba koti la mvua na mwambie mtu unakoelekea. Namba ya dharura ni 112.

Anza kwa kuchagua tarehe, kisha weka miadi ya viza na hoteli inayoruhusu kughairi. Tiketi ya ndege ilipie ukishapata viza mkononi.