SOMO LA MWEZI: NANI ALIYEKATA MAHINDI?

Msimu uliopita majirani wawili wa hapa Isaka nusura wapelekane barazani. Mmoja alikuta mahindi yake yaliyo kando ya kijito yameangushwa, mashina kama ishirini. Akasema mbele ya watu dukani kwamba wezi ni vijana wa jirani, wamekuja na panga. Tulipoombwa kusuluhisha, tuliwataka wote wawili watupeleke kwanza shambani, maana mwalimu hasahihishi daftari ambalo hajalifungua.

Tuliinama tukatazama. Mwenye panga hukata pale mkono wake unapofika, na akiiba huondoka na mahindi. Mbuzi hurarua na kuacha nyuzinyuzi. Lakini mashina haya yalikatwa chini kabisa, kwa mshazari, laini kama kwa wembe. Tena yalikatwakatwa vipande vifupi vilivyolala pamoja. Hiyo ni kazi ya ndezi.

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye biva, ambaye huangusha miti kwa meno yake na kuziba vijito. Ndezi naye ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, ila yeye hajengi kitu. Hula tu, na hula usiku. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya chungwa, na yale ya juu yana mifereji. Akikomaa hufika kilo nne, tano au zaidi. (Nyama yake ni tamu, hilo hamhitaji kufundishwa.)

Kutoka kwenye mahindi tulifuata njia nyembamba iliyopita chini ya majani kama handaki, mpaka kwenye matete. Humo mlikuwa na matete yaliyokatwa vilevile, na mavi yake: vipande virefu kidogo, vyenye mfereji upande mmoja. Basi hapakubaki neno. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akarudi dukani kuliondoa neno "mwizi" palepale alipolisema. Jirani alikubali, ingawa si siku ile.

Sasa kuhusu dawa. Wengine hupenda kuchoma matete ili kumfukuza. Sisi hatukubali. Matete ndiyo yanayoshika kingo za kijito wakati wa masika. Yakiisha, udongo wa shamba huenda na maji. Afadhali kufyeka ukanda mpana kati ya matete na mahindi, na kuuweka safi mpaka mavuno. Ndezi anapenda kujificha. Haoni raha kuvuka mahali peupe. Mbwa mzuri naye husaidia.

Watoto waambiwe wasiingize mkono katika zile njia za majanini. Chatu naye anapenda ndezi, na humvizia humohumo.