SOMO LA WIKI: Konfeti ya harusi, kilo ya karatasi si kilo ya nailoni

Konfeti, vile vikaratasi vinavyorushwa juu ya bwana na bibi harusi wakati wa kupigwa picha, ni bidhaa ndogo ambayo wenye maduka ya mapambo huiweka pembeni ya kaunta bila kuifanyia hesabu. Wiki hii tunaifanyia hesabu. Mfanyabiashara anayenunua kwa kilo na kuuza kwa pakiti anaweza kupata faida au hasara kwa sababu moja tu: hakujua uzito wa alichonunua.

Asili yake yenyewe ni ya kibiashara. Neno ni la Kiitaliano na lilikuwa na maana ya peremende zilizorushwa kwenye sherehe. Enrico Mangili wa Milan anatajwa kuwa ndiye aliyeanza, mwaka 1875, kuuza viduara vya karatasi vilivyobaki pale karatasi za kufugia viwavi wa hariri zilipotobolewa. Yaani aliuza takataka za kiwanda.

Sokoni kuna aina tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni ya karatasi laini, ile ya kufungia zawadi, ambayo mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 17 hivi. Ya pili ni ya kung'aa, ambayo wengi huiita karatasi lakini hasa ni nailoni iliyopakwa madini. Ikiwa na unene wa maikroni 20, mita ya mraba ina gramu kama 28. Ya tatu ni petali za maua, hasa mawaridi.

Chukua kipande cha sentimita 2 kwa 5. Kilo ya karatasi laini inatoa vipande karibu 58,800. Kilo ya zile za kung'aa inatoa karibu 35,700. Ukikata karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, unapata 12,500 tu, na zitaanguka kama mawe kabla mpiga picha hajabonyeza.

Sasa tuweke fedha. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako. Kilo ya karatasi laini Sh. 20,000. Pakiti ya gramu 5 ina vipande kama 294, kiasi cha kumtosha mgeni mmoja kurusha. Kilo inatoa pakiti 200. Bahasha na kazi ya kufunga ni Sh. 60 kila pakiti, jumla Sh. 12,000. Gharama yote Sh. 32,000. Ukiuza fungu la pakiti 30 kwa Sh. 9,000, mafungu sita yanaleta Sh. 54,000. Faida ni Sh. 22,000, na pakiti 20 zimebaki mkononi.

Nunua ile ya kung'aa kwa bei hiyo hiyo ya kilo. Ili pakiti iwe na vipande 294 inabidi iwe na uzito wa gramu 8.2 hivi. Unapata pakiti 121, gharama yote Sh. 27,260, mafungu manne, mauzo Sh. 36,000. Faida Sh. 8,740. Ili pakiti isikugharimu zaidi ya ile ya karatasi, usilipe zaidi ya Sh. 12,100 kwa kilo. Muuzaji wa jumla akikuambia "bei ni moja, chagua rangi", ujue anakuuzia uzito.

Mteja naye hanunui vipande, ananunua picha. Hapa ndipo muuza duka anayejua kazi yake humzidi jirani. Karatasi laini huelea muda mrefu, hivyo mpiga picha hupata nafasi ya picha kadhaa. Ile ya kung'aa huanguka haraka, na ikipigwa na flashi hurudisha mwanga na kuacha madoa meupe kwenye nyuso. Inafaa zaidi usiku, kwa taa za ukumbini, wakati wa kucheza. Nyeupe tupu usimuuzie bibi harusi wa gauni jeupe: haitaonekana. Nyekundu na zambarau za karatasi zikilowa huachia rangi, na gauni la kukodi likipata doa anayelipa si wewe, lakini jina litakalotajwa ni la duka lako.

Mweleze pia namna ya kurusha. Wageni wasimame pande mbili, warushe juu ya vichwa vya maharusi na si usoni, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Mpiga picha aweke kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi na apige mfululizo. Ukumbini pangaboi lizimwe kwanza. Mirija ya kufyatua kwa hewa hutoa yote mara moja. Hakuna nafasi ya pili, na isielekezwe kwa mtu wala kuachwa ndani ya gari juani.

Petali ni nzuri kwa picha za mchana na hazihitaji mtaji mkubwa, lakini mbichi hazikai, na zikikanyagwa juu ya terazo zinateleza na kuacha doa. Ziuze kwa oda tu, fedha mbele.

Kabla ya kufunga mauzo muulize mteja kama ukumbi au kanisa linaruhusu. Kumbi nyingine hukata fedha ya usafi kwenye amana. Ufukweni usiuze nailoni kabisa: haiozi, na upepo ukiichukua haiokoteki.

Kuhusu ghala: unyevu wa pwani hugandisha karatasi laini, na jua hupausha rangi. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua sana, basi usijaze mzigo wiki mbili kabla yake. Nunua wakati wenzako hawanunui, upate kufunga pakiti taratibu kabla ya harusi za Desemba.