Memphis Belle: Ndege Iliyoponea Vitani Ikaponzwa na Amani

Tukisoma Vita Vikuu vya Pili darasani tunakariri miaka na majina ya majemadari, basi. Leo nataka tuvitazame vita hivyo kupitia ndege moja tu.

Memphis Belle ni ndege ya Marekani ya kuangusha mabomu, aina ya B-17, yenye injini 4. Ilibeba wanajeshi 10. Rubani wake, Robert Morgan, aliipa jina hilo kwa ajili ya mchumba wake, Margaret Polk, binti wa mji wa Memphis. Kuanzia Novemba 1942 iliruka kutoka Uingereza kushambulia Ujerumani, na pia Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwanajeshi alitakiwa kumaliza safari 25 ndipo arudishwe kwao. Si mchezo! Wengi hawakuzifikisha. Morgan na wenzake walitimiza zao tarehe 17 Mei 1943. Mwezi uliofuata walirejea Marekani na ndege yao, wakazungushwa miji mingi kuhimiza raia wachangie gharama za vita.

Kisha je? Vita vilipokwisha, ndege kama hizo zilirundikwa viwanjani zikingoja kukatwakatwa ziwe vyuma kuukuu. Mwaka wa 1946 mji wa Memphis uliinusuru Belle kwa dola 350 tu. Lakini kununua si kutunza. Kwa miaka mingi ilisimama nje, jua lake, mvua yake. Watu wakawa wanaingia na kunyofoa vifaa, wakaenda navyo makwao eti ni ukumbusho. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Mwaka wa 2005 ilihamishiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Jeshi la Anga la Marekani, karibu na Dayton, Ohio. Mafundi waliondoa kutu, wakaunda upya sehemu zilizopotea, wakaipaka rangi. Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo 12. Tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili baada ya safari ile, watu walikaribishwa kuitazama.

Wako watakaouliza: ya nini kuhifadhi chombo kilichoua watu? Mimi naona chombo hicho kinatusimulia ushujaa wa waliopanda na pia msiba wa walioangukiwa na mabomu. Kikipotea, simulizi zote mbili hubaki maneno matupu. Na gharama je? Dola 350 mwanzoni, kisha miaka 12 ya jasho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.